Kikosi cha Mwisho cha Grateful Dead na Albamu Ambayo Haikurekodiwa

Kazi yangu ni kurekodi bendi za benga hapa Kisumu, na wateja wangu hushangaa wanaponikuta nikisikiliza Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani iliyoanzishwa California mwaka 1965. Mshangao huo haudumu. Mtu aliyekulia katika muziki ambao, maneno yakishaisha, gitaa la solo ndilo hutawala na kuwachezesha watu mpaka jasho liwatoke, hahitaji kuelezwa kwa nini wanamuziki sita wanaweza kukaa robo saa ndani ya wimbo mmoja.

Mashabiki wengi wa bendi hiyo huzungumzia miaka yake ya mwisho kwa masikitiko matupu. Ni kweli kwamba maonyesho mengi ya wakati huo yalikuwa dhaifu. Hata hivyo, naamini kikosi cha mwisho kilikuwa na albamu nzuri mkononi, na kwamba nyimbo hazikuwa tatizo. Kilichokosekana ni nafasi ya kuzirekodi kwa njia iliyowafaa.

Kikosi hicho kilizaliwa na msiba. Mpiga kinanda Brent Mydland alifariki Julai 1990, na Septemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na Vince Welnick, aliyetoka bendi ya The Tubes. Bruce Hornsby aliwasaidia kwa piano hadi Machi 1992, na tangu hapo wakabaki sita: Jerry Garcia kwenye solo, Bob Weir kwenye rithimu, Phil Lesh kwenye besi, Bill Kreutzmann na Mickey Hart kwenye ngoma, na Welnick kwenye kinanda. Hao sita ndio waliopiga onyesho la mwisho katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, tarehe 9 Julai 1995. Garcia alifariki mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti, akiwa na umri wa miaka 53, na kabla mwaka haujaisha wenzake walitangaza kwamba jina la bendi halitatumika tena.

Albamu yao ya mwisho ya studio, Built to Last, ilitoka mwaka 1989, kabla Welnick hajajiunga nao. Kwa hiyo kila kitu kipya walichotunga pamoja naye kilibaki jukwaani. Garcia na mtunzi wa mashairi Robert Hunter walileta So Many Roads mwaka 1992, kisha Lazy River Road na Days Between mwaka 1993. Weir alileta Corrina na Eternity, naye Welnick mwenyewe akaimba Way to Go Home. Si zote zilizo na uzito sawa, na mbili tatu ningeziacha nje bila kusita.

Days Between ni jambo jingine kabisa. Hauna kiitikio. Beti zake ni ndefu na zinakwenda polepole, na kila ubeti unaanza karibu na kimya, kisha unapanda hadi sauti ya Garcia, iliyokwisha kukwaruzika kwa umri na maradhi, inalazimika kupasua ili ifike juu. Besi ya Lesh haimsindikizi kwa mapigo ya kawaida. Inatembea chini yake, mara nyingine ikichelewa kwa makusudi. Nilimsikilizisha mzee mmoja mpiga solo wa Kondele ambaye nimemrekodi kwa miaka mingi, mtu asiyejua chochote kuhusu bendi hii. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, huyu anamsubiri mwimbaji amalize neno ndipo ajibu." Nilipomwambia kwamba mwimbaji na mpiga solo ni mtu mmoja, akaniomba nirudishe wimbo mwanzo.

Sasa tuje kwenye namna ya kurekodi, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Mwaka 1987 bendi hii ilitoa In the Dark, albamu iliyowapa Touch of Grey, wimbo wao pekee ulioingia katika kumi bora za Marekani, ambako ulifika nafasi ya 9. Msingi wa albamu hiyo haukuwekwa katika vyumba vya studio. Walikodi ukumbi wa Marin Veterans huko San Rafael, wakapanga vyombo kama kwa onyesho, wakapiga pamoja bila watazamaji. Tena Touch of Grey walikuwa wameupiga jukwaani tangu 1982, kwa hiyo kila mmoja alikwisha kujua pa kuingia na pa kunyamaza. Miaka miwili baadaye, kwenye Built to Last, walifanya kinyume: kila mwanamuziki aliweka sehemu yake kivyake, moja juu ya nyingine. Matokeo ni safi na yamepoa. Bendi inayoishi kwa kusikilizana huwezi kuirekodi kwa kuitenganisha, na hili nimelishuhudia kwa bendi za hapa pia, ambapo rithimu ikirekodiwa peke yake, solo hukosa wa kuzungumza naye.

Kufikia 1994 nyimbo mpya zilikuwa zimeiva kama Touch of Grey ilivyokuwa imeiva. Mwishoni mwa mwaka huo waliingia studio katika kaunti ya Marin, California, lakini Garcia, aliyekuwa akisumbuliwa na kisukari na dawa za kulevya, alichangia kidogo mno, na kazi haikukamilika. Ziara nazo hazikuwapa pumziko. Bendi ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi zaidi kwa maonyesho Marekani, na watu wengi walitegemea mishahara kutoka kwake.

Wapo wanaosema kwamba kanda za jukwaani zinatosha, kwa kuwa bendi iliwaruhusu mashabiki kurekodi na kubadilishana kanda kwa hiari. Nazithamini sana kanda hizo. Hata hivyo, nyingi zinazozunguka zina njia mbili tu, kushoto na kulia, na kilichochanganywa usiku ule hakitenganishwi kirahisi. Anayeumia zaidi ni Welnick. Sauti yake ndiyo iliyoimba sehemu ya juu katika uimbaji wa pamoja, na kwenye kanda nyingi imezama nyuma ya vyombo, huku kinanda chake kikisikika chembamba kuliko wimbo unavyodai. Katika studio, asubuhi moja ya kazi ya makini ingeyarekebisha yote mawili.

Mwaka 2019 ilitolewa Ready or Not, mkusanyiko wa nyimbo tisa za kikosi hicho, zote za jukwaani, kutoka 1992 hadi 1995. Ndiyo njia ya karibu zaidi ya kuisikia albamu ile ambayo haikurekodiwa. Ningemshauri msomaji aanze na Lazy River Road, asikilize gitaa la Weir linavyojaza nafasi ambazo Garcia anaziacha, kisha aende moja kwa moja kwenye Days Between akiwa amevaa vifaa vya masikioni, kwa sababu spika ndogo ya simu huimeza besi yote ya Lesh.