Je, dishi likiwa juu zaidi hunasa vizuri zaidi?

Wengi wanaosafiri kwa magari-nyumba nchini Marekani huamini kuwa dishi likiinuliwa juu, picha hutulia. Lakini setilaiti za televisheni ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Mita mbili za nguzo hazisaidii, isipokuwa labda kulivusha dishi juu ya gari la jirani linalolikinga. Kinachokwamisha zaidi ni miti upande wa kusini, hasa majani yaliyolowa.

Pima mwenyewe: ngumi, mkono ukiwa umenyooshwa, ni takriban nyuzi 10. Menyu ya king'amuzi ikisema mwinuko (pembe ya setilaiti juu ya upeo wa macho) ni nyuzi 40, pandisha ngumi nne, moja juu ya nyingine, kutoka upeo wa macho, kwenye mwelekeo uliotajwa. Ukiona tawi hapo, hamishia dishi uwanjani kwa stendi. Nguzo ya stendi isimame wima kabisa, la sivyo vipimo hivyo vitakupoteza.