Oili ya sintetiki kwenye lori lenye turbo, na wakati wa kuimwaga

Swali ninaloulizwa na wenye malori kuliko mengine yote ni kama mtu akitia oili ya sintetiki ya bei ya juu anaweza kwenda mara mbili ya kilomita alizozoea kabla ya kuimwaga. Swali hilo limefunga pamoja mambo mawili ambayo katika kazi yangu ya kusimamia matengenezo ya magari makubwa huwa nayatenganisha kwanza. Uimara wa oili mbele ya joto unatokana na jinsi ilivyotengenezwa, na hapo fedha ya ziada ina maana. Muda wa kuimwaga, kwa upande mwingine, unaamuliwa zaidi na uchafu ambao injini yenyewe inaingiza ndani ya oili, na uchafu huo hauulizi galoni lilinunuliwa kwa bei gani.

Tuanze na turbo, yaani feni inayozungushwa na gesi ya ekzosi ili kuipa injini hewa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoitesa oili kuliko sehemu nyingine yoyote. Shafti ya turbo ya lori inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na gesi ya ekzosi inayousukuma upande wake wa moto inaweza kufika nyuzijoto 600 hadi 700 za Selsiasi injini ikivuta mzigo mlimani. Kwa kawaida shafti hiyo haikai juu ya beringi za gololi. Inaelea kwenye bushi nyembamba zilizozungukwa na utando wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayobeba joto na kulirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Dereva anapozima injini mara tu baada ya kazi nzito, pampu inasimama, lakini joto la upande wa ekzosi linaendelea kupenya hadi kwenye beringi. Oili iliyobaki pale haina pa kwenda. Inaungua na kuacha kaboni ngumu, kama ukoko unavyoganda chini ya sufuria, na kaboni hiyo huziba polepole njia nyembamba za oili hadi siku shafti itakapozunguka bila oili ya kutosha. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza injini iachwe ingurume bila mzigo kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzimwa, na hakuna oili ya bei yoyote inayochukua nafasi ya dakika hizo.

Oili bora hupunguza madhara ya siku ambazo dereva hakuzitoa dakika hizo. Oili ya msingi, yaani ile inayochanganywa na kemikali kupata oili ya injini, hugawanywa katika makundi matano. Kundi la I na la II ni oili za madini zilizosafishwa kwa viwango tofauti. Kundi la III pia hutoka kwenye mafuta ghafi, ila hupitishwa kwenye hidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa hadi molekuli zake zipangwe upya. Kundi la IV, poli-alfa-olefini, hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli ndogo zinazofanana, na kundi la V hukusanya zilizobaki, zikiwemo esta. Tangu uamuzi uliotolewa mwaka 1999 na chombo cha kujisimamia cha sekta ya matangazo nchini Marekani, oili za kundi la III zimekuwa zikiuzwa huko na katika nchi nyingi kwa jina la sintetiki. Sioni ulaghai katika hilo, kwa sababu kundi la III lililotengenezwa vizuri hufanya kazi nzuri sana kwenye injini za dizeli. Ninachosema ni kwamba maandishi makubwa ya mbele ya galoni hayakwambii umenunua kitu gani hasa.

Tofauti zinazoweza kupimwa ni hizi. Kasi ya oili kuoksidika, yaani kuharibiwa na oksijeni, huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka, na molekuli za sintetiki hustahimili hali hiyo kwa muda mrefu zaidi. Sehemu inayopotea kama mvuke ni ndogo, kwa hiyo kiasi cha kujazia kati ya huduma mbili hupungua. Mnato wake, yaani uzito wake inapotiririka, pia haubadiliki sana oili inapopoa au kupata moto, na faida ya hilo haiwahusu wenye baridi kali peke yao. Katika sekunde za mwanzo baada ya kuwasha, oili ya 5W-40 hufika kwenye turbo mapema kuliko ya 15W-40 (nambari ya kabla ya W ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi ikiwa baridi), na turbo ni miongoni mwa sehemu zinazofikiwa mwisho na oili.

Nambari 40 nayo ina maana yake kamili: kwenye nyuzijoto 100, mnato uwe kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Kwa turbo, hata hivyo, mimi hutazama zaidi kipimo kinachofanyika kwenye nyuzijoto 150 oili ikisagwa kwa kasi kubwa, kwa sababu ndicho kinachokaribia hali halisi ya ndani ya beringi. Oili ya 15W-40 hutakiwa kufikisha milipaskali-sekunde 3.7, na ya 5W-40 angalau 3.5. Hapa pana mtego. Viwango vya API (taasisi ya petroli ya Marekani) vya CK-4 na FA-4 vilianza kutumika pamoja mwezi Desemba 2016, na galoni mbili za 10W-30 zinaweza kukaa rafu moja zikifanana kwa kila kitu isipokuwa herufi hizo. Ya CK-4 haitashuka chini ya 3.5, ilhali ya FA-4 imepangwa kwa makusudi iwe kati ya 2.9 na 3.2 ili kupunguza ulaji wa dizeli kwenye injini mpya zilizobuniwa kwa utando mwembamba. Kuitia kwenye injini ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakuiruhusu ni kucheza na beringi, hata ikiwa ni sintetiki kamili.

Kwa hiyo mnunuzi na aanze na kitabu cha injini, kisha ageuze galoni na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Pale ndipo utakapokuta idhini za watengenezaji, kama Volvo VDS-4.5, MB 228.51, MAN M 3477 au Cummins CES 20086. Maneno yanayozitangulia yasomwe kwa makini: kusema kwamba oili imeidhinishwa ni tofauti na kusema kwamba inafaa kutumika pale kiwango fulani kinapohitajika. Kauli ya kwanza maana yake mtengenezaji wa injini ameikagua na kuikubali. Ya pili ni ahadi ya muuza oili peke yake. Ahadi hiyo huenda ni ya kweli kabisa, lakini mimi sirefushi muda wa kumwaga kwa kuitegemea.

Jambo la pili la kutazama nyuma ya galoni ni majivu, na hapa ndipo ninapoona watu wakinunua oili ghali isiyofaa injini yao. Kemikali zinazoongezwa kwenye oili ili kuosha injini na kuua asidi zina kalsiamu na magnesiamu, na zile za kuzuia ulikaji wa vyuma zina zinki. Kiasi kidogo cha oili kinapoungua kwenye silinda, madini hayo hubaki kama majivu. Injini yenye chujio la masizi kwenye ekzosi huyakusanya majivu hayo, na tofauti na masizi, hayachomeki. Chujio hujaa hadi litolewe na kusafishwa. Injini hiyo inahitaji oili yenye majivu machache, kama ile ya kiwango cha ACEA (umoja wa watengenezaji magari wa Ulaya) E8 au E11, au API CK-4. Lori la zamani lisilo na chujio, linalotumia dizeli yenye salfa nyingi, lina hitaji la kinyume: salfa hugeuka kuwa asidi, na oili yenye akiba kubwa ya alkali, kama ya ACEA E4, ndiyo inayoilinda. Ukilitia lori hilo oili ya kisasa ya majivu machache na kurefusha muda wa kuimwaga, umelipa zaidi ili upate kinga pungufu.

Sasa muda wenyewe. Oili kwenye injini ya dizeli huchoka kwa masizi, kwa dizeli isiyoungua inayopenya pembeni ya ringi za pistoni, kwa asidi, kwa vumbi na kwa maji ya rejeta. Oili ya sintetiki huweza kuyabeba baadhi ya hayo vizuri zaidi, lakini haizuii hata moja yasiingie. Masizi na asidi huongezeka kulingana na dizeli iliyochomwa, si kulingana na kilomita, ndiyo maana napendelea kuhesabu lita za dizeli. Chukua malori mawili yenye injini moja na sampu ya ukubwa uleule. La kwanza lina safari ndefu za tambarare na linakula lita 30 kwa kilomita 100, hivyo katika kilomita 40,000 limechoma lita 12,000. La pili linabeba kokoto kwenye vilima na kula lita 55. Lita 12,000 za lori hili zinaisha kabla ya kilomita 22,000. Ukiyapangia yote mawili kilomita 40,000 kwa sababu oili ni ileile, la pili litakuwa linatembea na oili iliyobeba karibu mara mbili ya uchafu.

Ongeza hapo saa ambazo injini inanguruma gari likiwa limesimama. Dashibodi haihesabu kilomita, lakini dizeli inaungua, tena vibaya, na oili inapokea masizi na dizeli mbichi. Kadirio linalotumika sana ni kwamba saa moja ya namna hiyo ni sawa na kilomita 40 hadi 50 za barabarani. Majedwali ya watengenezaji yamezingatia hayo, na ndiyo sababu injini moja inaweza kupangiwa kilomita 15,000 kwenye kazi ngumu na kukaribia 100,000 kwenye safari ndefu tulivu yenye dizeli safi na oili iliyoidhinishwa. Anayenukuu nambari hiyo ya juu bila masharti yake anakuuzia nusu ya habari.

Njia salama ya kuvuka mazoea ni kupima oili maabara. Sampuli ichukuliwe injini ikiwa ya moto, ama kupitia valvu ya sampuli au katikati ya mmiminiko wakati wa kumwaga. Ya mwanzo hubeba takataka za chini ya sampu. Pima pia oili mpya ya galoni hilohilo, vinginevyo huna cha kulinganisha. Mimi husogeza muda kwa kilomita 5,000 kila hatua, na huacha pale akiba ya alkali inapofika nusu ya ilivyokuwa, au asidi inapoipita, au masizi yanapokaribia asilimia 3, au mnato unapotoka kwenye daraja lake. Silikoni, ambayo ni alama ya vumbi, ikipanda pamoja na aluminiamu, kagua chujio la hewa na mabomba yake kabla ya kuilaumu oili. Sodiamu na potasiamu huashiria maji ya rejeta, na risasi huelekeza kwenye beringi. Shaba peke yake kwenye injini mpya mara nyingi hutoka kwenye kipoza oili na hupungua yenyewe, na silikoni baada ya injini kufunguliwa inaweza kuwa gundi ya gasketi tu. Jihadhari pia na injini inayokula oili: kwa kuwa inajaziwa mara kwa mara, akiba yake ya alkali huonekana nzuri kuliko hali halisi.

Filta ina ukomo wake, na haiongezewi uwezo na oili uliyoinunua. Ikiziba, valvu ya pembeni hufunguka na oili isiyochujwa huenda moja kwa moja kwenye turbo. Anayerefusha muda atumie filta iliyokusudiwa muda huo, na gari lililo ndani ya dhamana lisivuke jedwali la mtengenezaji hata kama maabara inaruhusu.

Injini ya zamani iliyozoea oili ya madini inaweza kuhamishiwa kwenye sintetiki, na kuchanganyika kwa masalio ya oili ya awali hakuna madhara ikiwa viwango vinalingana. Ila kemikali za kuosha zinaweza kung'oa tope lililolala miaka mingi na kulipeleka kwenye filta. Mara ya kwanza imwage katika nusu ya muda wa kawaida, kisha kata filta na uikunjue: ukikuta tope jeusi kwenye mikunjo, rudia muda huo mfupi, ukikuta chembe zinazong'aa, usirefushe chochote hadi beringi zikaguliwe.