Figili yako haijaoza, imechacha

Juzi asubuhi nimepokea tena simu ile ile. "Shikamoo mama. Ile chupa ya figili nilizoziloweka kwenye maji ya chumvi ili zichachuke nimeimwaga. Ilikuwa inanuka kama choo cha stendi." Nikamuuliza ilikuwa na siku ngapi. Tatu. Maji yake? Ya pinki, mazito kidogo kama maji ya kuoshea mchele. Na figili zenyewe, ngumu au zimelainika? "Ngumu tu mama, lakini harufu!"

Kilo mbili. Kazipanda mwenyewe nyuma ya nyumba Kinyerezi, kazimwagilia maji ya kununua kwa ndoo, kisha kazimwaga mtaroni zikiwa salama kabisa. Inaniuma kila ninapoisikia habari hii, na mwaka huu nimeisikia mno.

Nimalize kwanza yaliyo mepesi. Nazungumzia figili, zile nyekundu za duara, au nyeupe ndefu kama zinazouzwa soko la Kisutu, Dar. Gengeni ukitaja figili unaweza kupewa figiri, yale majani ya kupika, kwa hiyo onyesha kwa kidole. Ukivuna, kata majani hapo hapo bustanini, maana yakibaki yanaendelea kunyonya maji ya figili, na jioni unakuta imesinyaa. Majani usitupe. Yanawasha ukiyashika mabichi, lakini yakipita kwenye moto ule uwashaji unakwisha, na kwa nazi au karanga yanaliwa kama mboga yoyote. Mche uliokwishatoa maua nao una faida: vitumba vyake vya mbegu vikiwa bado vya kijani na laini, katia kwenye kachumbari. Na msimu ujao usimwage pakiti nzima ya mbegu siku moja. Figili ndogo zinakomaa kwa wiki nne hivi, zote pamoja, na joto letu halizisubiri. Zinageuka sponji ndani na kuwa kali. Panda mstari mmoja kila baada ya siku kumi.

Zilizokwisha kuwa sponji usizitie kwenye chupa, zina hewa ndani na zitalainika. Hizo pikia mchuzi. Ukali wa figili unazaliwa pale unapoikata au kuitafuna, vitu viwili vilivyokaa mbalimbali ndani yake vinapokutana, na kimojawapo hakivumilii moto. Ndiyo maana figili ya mchuzi inakuwa tamu na pole.

Sasa chupa. Tatizo naliona linaanzia kwenye neno lenyewe. Wali wa jana ukichacha tunamwaga. Maziwa yakichacha tunayaita mgando na tunayalipia. Togwa tunatia kimea makusudi ili lichachuke, tunalikoroga, tunalionja, tunalisubiri. Neno ni moja kwa vitu viwili tofauti, na mtu akisikia figili yake inachacha, kinachomjia kichwani ni wali. Mkono unakwenda mtaroni kabla ulimi haujaonja.

Kinachotokea ndani ya chupa ni kile kile cha mgando. Chumvi inawazuia vijidudu wengi waharibifu na kuwaachia nafasi wale wanaokula sukari ya figili na kutoa asidi. Asidi ikipanda, wengi wa waharibifu waliobaki hawawezi tena kukua humo. Ukiwa na karatasi za kupimia asidi, unataka pH, namba inayoshuka kadiri asidi inavyopanda, iwe chini ya 4.6, na chupa nzuri inashuka hadi chini ya 4. Ule uzito mweupe kwenye maji ni vijidudu hao hao, wakimaliza kazi wanatua chini. Pinki ni rangi ya ganda. Povu ni hewa wanayotoa, kwa hiyo legeza kifuniko asubuhi na jioni, chupa isije ikapasuka.

Na harufu? Figili ni ndugu wa kabichi na haradali. Ukoo huo una salfa, ile ile unayoinusa jikoni kabichi ikichemka muda mrefu. Ikichachuka, salfa inatoka kwa nguvu, hasa siku ya pili hadi ya nne. Ukifungua kifuniko inakupiga usoni. Iache chupa wazi dakika mbili, chukua kipande, kinuse chenyewe, kisha kionje. Kama kinavunjika kwa sauti na kina uchachu safi wa ndimu, una achari. Ikikaa friji wiki moja ile harufu inapungua yenyewe.

Kilichooza kinajulikana kwa mambo mengine. Figili inateleza mkononi kama bamia. Juu kuna manyoya, ya kijani, meusi au mekundu. Harufu ni ya mzoga, na haipungui hata ukiiacha wazi. Hapo mwaga, sitakuzuia.

Kuna kitu cha katikati ambacho vitabu vinakipita haraka, utando mweupe juu ya maji. Ukiwa bapa na mkavu kama ngozi ya maziwa, ni hamira ya porini, unaenguliwa kwa kijiko na kazi inaendelea. Ukiwa na manyoya ni ukungu. Vitabu vinaandika kana kwamba kila mtu ataona tofauti mara moja. Mimi bado nasita siku ya kwanza, utando ukiwa mdogo kama kucha. Huwa naungoja hadi kesho yake: ukitandaa naengua, ukiinuka na kuota manyoya namwaga chupa yote.

Kipimo: nusu kilo ya figili, nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi gramu 25 hadi 30. Tumia mzani, vijiko vinadanganya. Chumvi yenye madini joto inafaa. Figili zote zizame, nami nakandamiza kwa kifuko safi chenye maji ya chumvi. Maelekezo mengi yanasema wiki mbili, lakini hayo yameandikwa kwa majiko ya nchi za baridi. Hapa Dar, nyuzi 30, siku tatu zinatosha, kipupwe nne au tano, kisha friji. Ugumu wake ndio unaonisumbua mpaka leo. Natia jani la mpera ili zisilainike, chupa moja inakubali, nyingine ya siku hiyo hiyo inakataa.

Na tafadhali, ukinusa usikimbilie siki. Kuimimina siku ya tatu ni kuwazuia vijidudu wakiwa katikati ya kazi, upate kitu kisichokuwa hiki wala kile. Ukitaka achari ya siki, anza nayo: siki na maji nusu kwa nusu, chumvi, sukari kidogo, chemsha, mimina juu ya figili zilizokatwa, kesho yake unakula na pilau.

Yule binti wa Kinyerezi bado ana tuta la pili, anavuna Jumamosi. Nimemwambia akifika siku ya tatu anipigie kabla hajafungua kifuniko, tufungue pamoja kwenye simu, na aonje nikiwa namsikiliza.