Kuziba Ufa si Kukarabati Jengo

Tangu tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, wenye majengo hawajaacha kunikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na juzi nimekumbushwa tena na mtu aliyenunua epoksi, gundi ya kuzibia nyufa za zege, kabla hajaniita mimi mhandisi. Sina ugomvi na methali hiyo. Ugomvi wangu ni na imani kwamba ufa mwembamba ni jeraha dogo.

Ufa unaotenganisha ukuta wa matofali na nguzo hutisha macho, ilhali mara nyingi ukuta umeachana tu na fremu, yaani nguzo na mihimili inayobeba jengo. Ufa wa mshazari ndani ya nguzo yenyewe, hata ukiwa mwembamba kama unywele, hunifanya niulize kwanza habari za ringi, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo ndani ya nguzo, na ukiwa mpana naagiza sakafu iegemezwe kwa mirunda kabla ya mazungumzo mengine.

Kinachoniudhi zaidi ni kipimo chenyewe. Upana tunaoupima leo sio ule uliokuwapo jengo lilipokuwa likiyumba, kwa sababu mtikisiko ukiisha uzito wa ghorofa za juu huukandamiza ufa ukajifunga. Katika tetemeko la Christchurch, New Zealand, la tarehe 22 Februari 2011, ukuta mmoja wa zege wa jengo la Gallery Apartments ulibaki na ufa mwembamba. Ulipochimbuliwa, nondo za wima zilikutwa zimekatika. Nondo zilikuwa chache na zege lilikuwa gumu kuliko lilivyokadiriwa, hivyo mvuto uliopaswa kugawanywa na nyufa nyingi ukabebwa na ufa mmoja. Ndiyo maana nyufa ndogo zilizotapakaa hunitia moyo kuliko ufa mmoja uliotulia.

Epoksi huunganisha zege. Nondo iliyovutwa kupita kikomo chake hairudi ilivyokuwa. Nguzo dhaifu tunaweza kuivalisha zege jipya lenye ringi za karibu karibu, lakini nguzo moja ikiwa ngumu kuliko wenzake, tetemeko lijalo litaielekezea nguvu zaidi, kwa hiyo fremu nzima hupigiwa hesabu upya. Nakiri pia kwamba nondo iliyovutwa kupita kikomo lakini haijakatika hunikosesha usingizi: imebakiza mivuto mingapi, hesabu zangu hunipa makisio tu, na nikitilia shaka naikata na kuunga nyingine.

Yule mwenye epoksi nimemwambia achimbue zege penye ufa kwanza. Analalamika kwamba nitamharibia rangi.