Je, wajua kwa nini hadithi ya ugomvi wa familia haihitaji mtu mbaya?

Ukimwuliza anayeanza kuandika hadithi ya familia ugomvi utatoka wapi, atakutajia mtu: mama wa kambo mwenye roho mbaya, kaka mlevi, shangazi mwenye fitina. Wengi wetu tulianza hivyo. Kumbe mtu mbaya ndiye anayeidhoofisha hadithi. Msomaji akishajua wa kulaumiwa, hana tena la kupima. Anangoja adhabu tu. Mwandishi akiona hadithi imepoa huongeza kelele, barua iliyofichwa, kifo cha ghafla, nayo haipati moto.

Ugomvi wa ndugu hushika pale wenye haki wawili wanapodai kitu kimoja kisichogawika.

Chukua nyumba ya mawe ya Lamu. Baba amefariki, ameacha mjane, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu, nyumba ni mafungu 32: mjane thumuni yake, sehemu moja ya nane, yaani 4, mwana 14, kila binti 7. Lakini Lamu, hasa katika familia za kale zenye uwezo, ipo pia desturi ya baba kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya yake. Binti mkubwa ameishi humo miaka 20, na anasema, "Baba alinipa." Ikiwa alikabidhiwa baba yu hai, hiyo ni hiba, haimo katika mirathi. Ikiwa baba alitamka tu huku nyumba ikibaki mkononi mwake, kadhi aweza kuona hiba haikutimia. Shahidi ni mama peke yake, na akimtetea binti, mafungu yake 4 nayo yanakwenda.

Fikiria boriti za mikoko za dari ya msana, ukumbi mrefu wa nyumba hiyohiyo. Kila boriti imelala juu ya kuta mbili. Bomoa ukuta mmoja, na ule uliobaki hauwezi kuibeba dari. Kumfanya kaka mwizi ni kubomoa ukuta.

Kisha usiwagombanishe kwa maneno. Siku ya Idi kaka amekuja, amekaa dakani tu, kwenye kibaraza cha mlangoni, hakuingia ndani. Kahawa analetewa na mpwawe.

"Mwambie mamako, ile boriti ya msana inaliwa na mchwa."

Mtoto anaingia, anarudi. "Mama asema fundi keshaitwa."

Aitaye fundi ndiye mwenye nyumba. Neno mirathi halikutajwa, na kikombe kinarudi kimejaa.

Kosa linaloharibu kurasa kama hizi ni ndugu kuelezana wanayoyajua: "Kama ujuavyo, dada, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita." Hakuna ndugu asemaye hivyo. Habari ya namna hiyo mpe mtu mwenye haki ya kuuliza: fundi, au mkwe mgeni.

Na usimsahau binti mdogo, mwenye mafungu 7, aliyeolewa Malindi. Mpandishe basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, avuke kwa boti, afike wakati wa magharibi bila kuarifu. Jambo la kwanza litakaloamuliwa ni begi lake lipelekwe kwa dada au kwa kaka.