CD4 sio askari wa bunduki jamani

Tangu enzi za mabango ya ukimwi tumezoea kusikia CD4 (aina ya seli nyeupe za damu za kinga) ni askari, wanaua virusi. Sio hivyo haswa. Kuua seli zilizoambukizwa ni kazi ya ndugu zao CD8 zaidi, CD4 ni wasaidizi, wanatoa maelekezo kwa seli zingine, ndo maana HIV ikiwamaliza kila kitu kinayumba.

Na hawaanzi wakiwa CD4. CD4 na CD8 wote wanapitia tezi ya thaimasi, kifuani pale nyuma ya mfupa wa kidari, wakiwa na jeni karibu zilezile, tofauti ni ipi imewashwa na ipi imezimwa: protini inaitwa ThPOK ikishika usukani seli inakuwa CD4, Runx3 ikishika inakuwa CD8, na hizo mbili zinazimana. Baadaye CD4 wanagawanyika tena kwa makundi, kila kundi na protini yake ya usukani: ukipata TB ishara za pale zinawasha T-bet, minyoo inawasha GATA3 (hii mi ndo inanifurahisha), halafu kuna FOXP3 ya wale wa kutuliza fujo, mtoto akizaliwa nayo mbovu kinga inamshambulia mwenyewe.

Ile namba ya CD4 ya kliniki inahesabu wote kwa pamoja, haikwambii nani ni nani.