"Video halisi" si lazima itikisike

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu. Anatengenezea wafanyabiashara wa hapa Mbeya matangazo ya mtandaoni, na alikuwa ameuona mchele wa kikundi chetu kwenye status ya mtu.

"Shikamoo mama. Sisi tunatengeneza video halisi za wateja. Ukitupa oda ya video tano, ndani ya siku tatu unazipata."

Nikamwitikia, kisha nikamuuliza hao wateja atawapata wapi ndani ya siku tatu, maana wateja wangu wengi wako Dodoma na Dar es Salaam. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba watu wapo. Ni wasichana anaofanya nao kazi, wana jiko zuri huko Isyesye, na mimi nimtumie tu maneno ambayo ningependa wayaseme.

Sikumkasirikia, lakini sikulala vizuri. Miezi michache nyuma nilikuwa Iringa kwenye mafunzo ya wajasiriamali, na mtoa mada alituambia kwamba video halisi ni ile inayotikisika kidogo, yenye sufuria nyuma na ikiwezekana jogoo akisikika. Ukumbi mzima ukaandika. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi kabla sijaingia kwenye mpunga, na neno likisombwa namna hiyo mbele ya watu wazima wenye kalamu mkononi, linanikaa kifuani.

Jambo lenyewe ni jepesi. Mtu amenunua kitu kwa fedha yake, amekitumia, akachukua simu akajirekodi akieleza alichokiona. Muuzaji akaiona ile video, akaomba ruhusa, akaitumia kunadi bidhaa. Basi. Waingereza wana herufi tatu za jambo hilo, UGC, na vijana wa mitandao wanazitamka hivyohivyo. Kwa Kiswahili ni maudhui ya watumiaji, na kwa lugha ya sokoni watu wakasema video halisi.

Mwaka 2007 shirika la OECD, linalounganisha nchi tajiri katika mambo ya uchumi, lilitoa ripoti kuhusu maudhui ya namna hii na likayapa sifa tatu. Kwanza yawe yamewekwa hadharani mtandaoni. Pili yawe na ubunifu fulani wa aliyeyatengeneza, yasiwe ya kunakili tu. Tatu yawe yametengenezwa nje ya taratibu za watu wa fani. Miaka miwili kabla ya ripoti hiyo, tarehe 23 Aprili 2005, video ya kwanza kabisa ilikuwa imewekwa YouTube: sekunde 19, kijana amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, anasema tembo wana mikonga mirefu. Haikuwa na taa za studio, wala hakuna bidhaa iliyokuwa ikiuzwa.

Sifa ile ya tatu ndiyo iliyodondoka njiani. Leo kuna watu ambao fani yao ni kutengeneza video zinazofanana na za watu wasio na fani, na kazi yao inaitwa kwa herufi zilezile tatu. Kiingereza kimekubali kuhama huko, ni shauri lao. Sisi tulipotafsiri hatukutafsiri herufi. Tulileta neno letu, na neno letu haliwezi kuhama kirahisi, kwa sababu lina uzito wake.

Halisi limetoka kwenye Kiarabu, khalis. Ile kh ya kooni sisi wa bara tumeilainisha ikawa h, kama tulivyofanya kwa khabari, khatari na kheri. Maana yake ya mzizi ni kitu kisichochanganywa, kilichochujwa kikabaki chenyewe. Ndugu yake ni ikhlasi, ile nia ya moyo isiyo na shabaha nyingine iliyojificha ndani yake. Katika Kurani, sura ya Nyuki, aya ya 66, neno hilohilo limewekwa kwenye maziwa: yanatoka matumboni mwa wanyama, kati ya kinyesi na damu, nayo yanatoka khalis. Mimi ni Mmoravian wa Tukuyu, lakini niliposomewa aya hiyo na mwalimu mwenzangu niliielewa mara moja, kwa sababu nimekulia kwenye maziwa.

Rungwe ukipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, mpokeaji anatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa yakiwa yenyewe, kipimo kinasimama mahali pake. Yakiwa yameongezwa maji, kinazama zaidi, maana maji ni mepesi kuliko maziwa. Hapo hapana ubishi. Na mpokeaji anayeijua kazi yake hadanganywi na ndoo. Ndoo ya plastiki iliyochujuka rangi inaweza kuwa na maziwa halisi ya asubuhi hiyo, na kopo la aluminiamu linalong'aa likawa na maji ya mto Kiwira ndani yake. Kuna na upande wa pili, ambao ndio ninaotaka msomaji aushike: ndoo iliyochakaa nayo inaweza kuwa na maji. Uchakavu wa ndoo haujawahi kuwa ushahidi wa chochote.

Sasa rudi kwenye yale mafunzo ya Iringa. Video inayotikisika, sufuria yenye masizi, jogoo. Hayo yote ni ndoo.

Kiswahili cha Tanzania kina hata kinyume kizuri sana cha halisi, nacho ni kuchakachua. Watu wa umri wangu tunakumbuka lilivyovuma miaka ile ya kuelekea 2010, dizeli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa na injini za magari zikafa. Neno likaruka kutoka vituo vya mafuta likaingia kwenye kura, mbolea, mbegu, kila kitu. Na dawa yake ilikuwa nini? EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, yaani alama ndani ya mafuta yenyewe, kwa sababu kwa macho hutambui. Iliyochakachuliwa inafanana na nzuri, na kufanana ndiyo kazi yake.

Kwetu kwenye mchele ni hivyohivyo. Mchele wa Kyela una harufu yake, na jina lake linauza nchi nzima. Matokeo yake ni kwamba mifuko yenye jina la Kyela ni mingi kuliko mpunga ambao mabonde ya Kyela yanaweza kutoa. Wapo wanaochanganya gunia moja la Kyela na magunia kadhaa ya kwingine, na ukiushika mkononi ni mweupe, safi, hauna chenga. Ni mchele mzuri, nasema kweli. Lakini si Kyela halisi. Kikundi chetu tunanunua mpunga Igurusi na Ubaruku, huko Mbarali, na mfukoni tumeandika Mbarali. Wateja wengine wanaguna wakisoma. Wakishakula wanarudi.

Kwa hiyo halisi haijibu swali la "imependeza?" wala "imechukuliwa wapi?" Inajibu swali la "kuna nini kingine humo ndani?" Msichana anayesema maneno niliyomwandikia mimi, kuhusu wali ambao hajauonja, amechanganya sauti yake na fedha yangu, kisha mchanganyiko huo unauzwa kama sauti yake peke yake.

Nifungue mabano hapa, kwa sababu maneno matatu yanapondwa pamoja kila siku. Ya nyumbani ni mahali. Ya asili ni chanzo, mzizi. Halisi ni kutochanganywa. Video inaweza kuchukuliwa nyumbani ikawa igizo tangu mwanzo hadi mwisho. Inaweza vilevile kuchukuliwa studio, na mtu mwenye kamera kubwa, ikawa halisi kabisa, kama anayesema ametumia na anasema yake. Binti mmoja wa kikundi chetu alikuwa anaogopa hata kufuta kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa, akidhani video ikiwa angavu watu watasema ni tangazo. Nilimwambia asogee mlangoni kwenye mwanga. Mbeya mwezi wa Juni na Julai ukungu ukishuka jiko linakuwa giza saa nne asubuhi, na wali mweupe unaonekana kama uji wa dona. Kutafuta mwanga si kuchakachua. Kukata sehemu uliyokohoa si kuchakachua. Maziwa huchujwa kwa kitambaa na yanabaki maziwa.

Na lipo neno la nne, ushuhuda, ambalo hawa vijana wanalipenda zaidi: "shuhuda za wateja". Hilo nalo ni la Kiarabu, na mzizi wake ni kuwepo, kuona kwa macho. Shahidi ni aliyekuwepo. Ndiyo maana mahakamani shahidi anaulizwa kwanza alikuwa wapi, na kanisani hatumsimamishi mtu kushuhudia uponyaji wa ugonjwa ambao hajawahi kuugua. Ushuhuda wa aliyeandikiwa maneno na ambaye hakuwepo una jina lake la siku zote, tangu tukiwa watoto, na sitalitaja kwa sababu yule kijana hakuwa na nia hiyo.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya mwalimu mstaafu tu, sheria nayo imefika huko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Marekani, ambako mtindo huu umeshamiri, wana kanuni iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024 inayokataza waziwazi ushuhuda wa mtu wa kubuni au wa mtu ambaye hajawahi kuitumia bidhaa. Na aliyelipwa au kupewa bidhaa bure, huko hutakiwa kusema. Kusema hivyo hakuiharibu video. Mtu akinieleza "wamenipa kilo tano nijaribu, nami nawaambia nilichokiona," namsikiliza, kwa sababu ameniwekea mezani vyote vilivyomo.

Nieleze moja iliyonitokea. Mwaka juzi mteja wa Dodoma alinirushia video kwenye WhatsApp. Ameshika simu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, na ndani ya sufuria kuna bokoboko. "Mama jamani, mchele wenu unanukia vizuri, lakini nimeweka maji kama siku zote, angalia!" Ulikuwa mwezi wa saba, mpunga ulikuwa umetoka shambani juzijuzi, na mchele mpya hautaki maji mengi. Nilimweleza apunguze. Siku mbili baadaye akatuma nyingine: wali umechambuka, watoto wanakula, yeye anacheka. Nikamwomba ruhusa niziweke zote mbili, kwa sababu sura ni yake na jiko ni lake. Akakubali.

Mjukuu wangu aliponisaidia kuziweka alitaka kuondoa ile ya bokoboko. Nikamkataza. Kwa wiki nzima watu waliuliza vipimo vya maji, mchele mpya unajulikanaje, na wengi wao wakaagiza. Walikuwa wameona kwamba mwanamke yule anasema alichokiona, hata kisichonipendeza mimi, kwa hiyo aliposema wali wa pili ni mtamu walimwamini. Ningekata lile bokoboko, ningebaki na mwanamke anayecheka karibu na sufuria, na wa namna hiyo mtandaoni wamejaa.

Nimempigia yule kijana jana. Kazi yake siidharau. Wale wasichana wana kipaji, nimeona walivyotangaza sabuni fulani, wanapendeza na wanachekesha. Nimemwambia aiite igizo, au tangazo la mtindo wa nyumbani, na bei yake ibaki ileile. Maneno yapo, hayana aibu, na mteja atajua anachonunua. Halisi aniachie mimi na wapokea maziwa wa Rungwe. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mama, wakipika kweli na wakala, na wakasema yao wenyewe?" Nikamwambia hapo tunaongea lugha moja, alimradi mwanzoni waseme mchele nimewapa mimi. Jumamosi wanakuja kuchukua kilo tano, na nimewaonya kuhusu maji.